Udongo wa Likasi unashika sumu, lakini una kipimo chake

Ndugu vijana wa Kikula, Likasi, Panda na Shituru,

Ukiuliza juu ya mashamba ya mboga kandokando ya viwanda, utasikia: musiogope, metali iko ndani ya udongo, haitoke. Ni nusu ya ukweli. Nusu ingine inafika kwenye sahani zetu.

Kweli, udongo unashika. Wetu ni mwekundu sababu ya oksidi za chuma. Hizo, pamoja na oksidi za manganezi na mfinyanzi, zinanasa metali. Risasi inashikwa sana na chuma, kobalti na manganezi. Shaba inang'ang'ania mboji, yaani majani na samadi vilivyooza. Kadmi ndiyo inashikwa kidogo, kwa hiyo inapanda haraka ndani ya mboga.

Lakini kushika si kumaliza. Metali haiozi. Asidi ikiingia, udongo unaachilia. Na hapa kwetu asidi si hadithi: tangu Union Minière ijenge Shituru mwaka 1929, shaba inatolewa kwa asidi ya salfuriki, na maji machafu yameshuka kwa mto Panda mpaka Lufira na ziwa Tshangalele. Siye wenyewe kila kiangazi tunachoma majani, ndiyo kusema tunachoma mboji ya kesho.

Dawa inajulikana. Lubumbashi, kwenye udongo wa Penga Penga uliochafuliwa na moshi wa tanuri la shaba la mwaka 1911, watafiti walijaribu chokaa na mboji pamoja na majani ya kienyeji. Chokaa inapunguza asidi, mboji inashika shaba. Hii kazi inaweza kufanyika Likasi pia. Vijana wenye diploma za kilimo na kemia tunakaa nyumbani bila kazi, na miye ni mmoja wao.

Ila chokaa haizuii vumbi. Mtoto anayecheza chini anaimeza bila kupitia mboga. Kwa hiyo hatutakubali mifuko ya chokaa ikuwe dawa ya kufunga watu midomo.

Katiba, kifungu 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inapeleka asilimia 15 ya redevansi kwa muji au sekta ambako madini yanachimbwa. Basi tunadai:

1. Udongo na mboga za mashamba yote ya muji vipimwe, na matokeo yabandikwe mbele ya ofisi za komini zote nne.

2. Bamama wanaolima wapewe chokaa na mboji, kwa gharama ya aliyechafua.

3. Pale kipimo kitakataa kilimo, wapewe shamba lingine kabla ya kuondolewa.

Wakubwa wa muji, semeni vipimo vinaanza siku gani. Wenzetu, pitisheni hili andiko mpaka kwa bamama wa soko: wao ndio wanashika jembe, na wao ndio wa kwanza kujua.