Mgeni Aliyenyang'anywa Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huzoewa kusomwa kwa upande wa mwenyeji tu, kana kwamba kazi yake ni kumkumbusha mgeni asizidishe. Lakini ina upande wa pili usiosemwa. Jembe likishapokewa na shamba likishaota, aliyelima si mgeni tena, wala hapana mwenye haki ya kumpokonya mpini. Kisa cha Padri Cecil Majaliwa wa Kitangari chaonyesha madhara ya kuisoma methali nusu.

Majaliwa alikuwa Myao kwa asili. Alitiwa utumwani, akakombolewa, akalelewa Unguja na misheni ya UMCA, akapelekwa kusoma Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, ndiyo Kitangari ya leo katika Newala, kwa jumbe Nakaam. Mwaka 1890 alipewa upadri Unguja, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo, kisha akarejea kazini kwake. Mwaka huo huo Unguja iliingia chini ya himaya ya Waingereza, hali Newala imo katika eneo walilojitwalia Wajerumani. Basi kwa ramani za wakubwa, Myao akawa yu ughaibuni katikati ya Wayao wenziwe!

Aliishi huko miaka kumi na mmoja. Alikusanya watu, akafundisha, na Nakaam mwenyewe akabatizwa kwa jina la Barnaba. Kisha, mwaka 1897, Majaliwa akaitwa Unguja, na safari hii si kwa kuongezewa daraja. Aliyekuwa mkuu wa kituo akawekwa chini ya wakubwa wa Kizungu, pasi na dhamana ya uzito ule aliouzoea. Moyo ukamvunjika.

Watetezi wa uamuzi ule wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba alirudishwa kwao. Kwao wapi? Unguja ilimlea, na malezi si kitu cha kubezwa. Lakini kazi yake, waliomzoea na lugha ya wazee wake vilikuwa Kitangari. Majuma yake ya mwisho huko hayakuwa ya msafiri anayehesabu siku za kurejea nyumbani. Yalikuwa ya mkulima anayeambiwa aage shamba.

Hoja ya pili ni kwamba alipofika Unguja alilegea, kwa hiyo wakubwa waliona mbali. Hapa mantiki imepinduliwa miguu juu. Kulegea kulikuja baada ya kuondolewa. Mtu husukumwa, akaanguka, kisha kuanguka kwake kukafanywa sababu ya kumsukuma!

Haki ni kusema pia kwamba misheni ile haikuwa na sauti moja. Askofu Smythies, aliyefariki mwaka 1894, ndiye aliyemwamini Majaliwa na kumpa kazi. Lakini imani ya mtu mmoja haikugeuka kuwa desturi. Tangu 1890 ilipita miaka 65 hata Yohana Omari akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika Tanganyika, mwaka 1955. Dayosisi ya Masasi ilingoja hadi 1968, alipoondoka Trevor Huddleston na Hilary Chisonga akashika kiti. Kama mbegu ya Kitangari isingeng'olewa changa, huenda kungoja huko kusingekuwa kwa muda mrefu hivyo.

Atauliza msomaji wa visiwani: hayo ni mambo ya Kanisa, ushairi na Uislamu wa pwani vinaingiaje? Vinaingia kwa mlango wa lugha. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini kabla ya mkutano huo, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kufika ng'ambo ya Masasi, na miongoni mwa waliokibeba ni watu waliofika Unguja wakiwa na minyororo. Hata hivyo, barazani bado husikika kwamba Kiswahili kina wenyewe, na kwamba Myao na Mmakonde ni wageni waliokaribishwa, hata wale ambao babu zao wamezikwa visiwani. Asemaye hivyo hana la kuilaumu misheni. Naye anampokonya jembe aliyelima.

Tena kuna deni la kalamu. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha Uingereza kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana waliokombolewa, yakiwa yamefasiriwa kwa Kiingereza. Yohana Abdallah, padri Myao wa misheni hiyo hiyo, aliandika historia ya watu wake kwa Kiyao, ikachapishwa mwaka 1919. Kwa nini visa hivi viwe maarufu zaidi kwa wasomi wa ng'ambo kuliko kwa wapenzi wa ushairi wa Unguja, Pemba na Lamu? Pwani haijapungukiwa na ufundi wa tungo za kuaga. Na aanze mmoja na mwaka 1897, kwa mtu anayeteremka kutoka Kitangari kwenda pwani, akiambiwa na kila amkutaye njiani kwamba anarudi kwao.