Usiseme "Sumu" Kabla ya Kupima

Fikiri jambo hili. Kifo kimetokea katika kijiji kimoja cha njia ya Kabambare, na watu wamekusanyika matangani. Jioni mbuzi amepikwa, ugali umesongwa, sombe imetiwa mawese. Nyama iliyobaki imelala chunguni bila moto mpaka asubuhi, kisha watu wameila. Kesho yake watu kumi wanatapika na kuhara. Wazee wanauliza neno moja tu: "Nani alipika?" Alipika mjane. Basi, tangu saa ile mjane yule hana usalama tena.

Mimi nasema liko swali lingine la kuulizwa kwanza: "Chakula kililala saa ngapi?"

Maana kijidudu kama Salmonela, kikiwa katika chakula chenye uvuguvugu, chaweza kujigawa kuwa viwili kwa dakika 20 hivi. Viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Hesabu mwenyewe: baada ya saa 7 kimoja kimekuwa zaidi ya milioni 2. Hapo hapana mkono wa adui. Pana usiku tu, na chungu kisicho na moto.

Je, wapimaji hujuaje? Njia ya zamani ni kuvipanda vijidudu kama mbegu na kungoja siku kadha vikue. Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alifikiri njia mpya iitwayo PCR, na mwaka 1993 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Kila kijidudu kina ndani yake uzi mwembamba sana, DNA, wenye alama za aina yake. Mashine huupasha uzi ule joto karibu digrii 95, nao huachana sehemu mbili. Ukipoa kidogo, vipande vilivyotayarishwa hushika mahali penye alama inayotafutwa, na nakala mpya hutengenezwa. Kazi ikirudiwa mara 30, uzi mmoja huwa zaidi ya milioni elfu. Kama alama haipo, hakiongezeki kitu. Jibu hupatikana kwa saa chache. Njia hii hutumika pia kupima makohozi ya kifua kikuu, na taasisi ya INRB kule Kinshasa huitumia.

Wengine husema, "Hayo ni mambo ya mbali, hayatufai." Sikubali. Amri ya tisa yahusu ulimi wetu. Mkristo anayemtaja jirani kuwa mtoa sumu, naye hajui, amelivunja neno la Mungu. Ukweli uliopimwa humlinda asiye na hatia.

Wengine husema, "Tungepata mashine ile, tungekuwa salama." Hao nao sikubaliani nao. Mashine huja baada ya watu kuugua. Tena ina mpaka wake. Yaweza kuona DNA ya vijidudu vilivyokwisha kufa motoni. Haioni sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, maana hiyo si kijidudu. Wala mashine hainawi mikono kwa niaba yako. Mwaka 2017 kipindupindu kilishika zaidi ya watu 50,000 katika Kongo yetu, na zaidi ya 1,000 wakafa. Jina la kijidudu chake lilijulikana tangu zamani. Kilichokosekana ni maji safi, vyoo na matibabu ya mapema.

Basi, fanyeni hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula, na kila utokapo chooni.

2. Pika chakula cha kutosha siku ile, kiliwe kingali moto. Usitumaini kukipasha asubuhi, maana vijidudu vingine huacha sumu yao chakulani, na moto hauiondoi.

3. Mtu akihara, mnyweshe maji haya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Mlete hospitali upesi.

4. Mwuguzi akiomba choo cha mgonjwa ili kipimwe, usione haya. Leta na chakula kilichobaki katika chombo safi chenye kifuniko.

5. Ngojeni jibu kabla ya kutaja jina la mtu. Na kama hakuna wa kupima, kutojua si ruhusa ya kushtaki.

Ninyi wazee wa kanisa, kazi hii ni yenu zaidi. Siku ya matanga simameni karibu na jiko, mwone kwamba sabuni ipo na chakula hakilali. Na ugonjwa ukitokea, simameni karibu na mjane.