Deni Likilipwa, Lifutwe



Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini siku hizi wako wenzetu waliokwisha kuinywa dawa hiyo, na bado wanahesabiwa wagonjwa.

Mfanyakazi anayeshuka basi Sonatubes alfajiri kwenda kiwandani, na mwenzake anayechuma chai mlimani, wote hukopa: ada ya shule, mabati, matibabu. Kazi ikisimama, marejesho hukwama. Mdai huenda mahakamani, hukumu hutoka, na mfanyakazi hukatwa mshahara mpaka deni liishe. Miaka hupita. Siku anapoomba mkopo mwingine, karani hufungua kumbukumbu na kumwambia: wewe bado unadaiwa.

Hapa hakuna uchawi. Hukumu iko mahakamani, fedha ziko kwa mdai, na jina liko katika ofisi ya taarifa za mikopo. Ofisi hiyo huandika inayoletewa na wakopeshaji. Mkopeshaji asipopeleka habari ya malipo, deni lililokufa huendelea kuishi katika karatasi.

Sheria zipo. Rwanda ilitunga sheria ya taarifa za mikopo mwaka 2010, na nyingine mwaka 2018. Sheria ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi inampa mwenye jina haki ya kudai makosa yasahihishwe. Wengine nao wamechukua hatua. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya iliagiza kwamba wanaodaiwa chini ya shilingi 1,000 wasiorodheshwe tena. Uingereza, hukumu ya deni hukaa katika daftari miaka 6, lakini anayelipa yote ndani ya mwezi mmoja hufutwa. Marekani, mwaka 2017, kampuni 3 kubwa za taarifa hizo zilianza kuondoa hukumu za madai, kwa kuwa nyingi hazikuonyesha wazi aliyehukumiwa ni nani.

Wenye benki husema kumbukumbu hizi hulinda akiba za watu. Ni kweli, na akiba zilizomo katika SACCO ni zetu pia. Hatuombi mkwepaji afichwe. Tunadai ukweli uandikwe wote. Kumbukumbu inayotaja deni na kunyamazia malipo ni uongo, na uongo haulindi akiba ya mtu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: aliyeandikisha deni ndiye awe na wajibu wa kulifuta, bila kungoja mnyonge aje kupiga magoti mlangoni.

Mpaka hapo, kila mmoja ajilinde. Tunza stakabadhi zote. Ukimaliza kulipa, dai barua ya mkopeshaji inayosema deni limekwisha, na iambatanishe na nakala ya hukumu. Omba kuona taarifa yako. Ukikuta kosa, mwandikie mkopeshaji na ofisi ya taarifa, ubaki na nakala. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Benki Kuu ya Rwanda. Wala usimlipe mtu wa mtaani anayejigamba kusafisha majina.

Matawi nayo yasikae kando. Kila tawi lichague mwenzetu mmoja anayejua kusoma karatasi hizi, awasaidie wengine kuandika barua. Mtu mmoja akiandika, barua yake huwekwa chini ya rundo. Wakiandika arobaini kupitia chama chao, watajibiwa.

Tumelipa kwa jasho letu. Tufutiwe.