Tembe Hali Chakula Bure

Katika nyumba nyingi za Jebel, kuku hulishwa akiwa kifaranga, kwa sababu watu humhurumia, na hulishwa tena akianza kutaga, kwa sababu watu hutamani mayai. Katikati husahauliwa. Tembe, yaani kuku jike aliyekua lakini hajataga bado, huambiwa ajitafutie. Siku wageni wakija, yeye ndiye wa kwanza kushikwa, maana husemwa kwamba anakula bure. Mimi nasema maneno hayo si ya kweli, tena yanatutia hasara.

Najua watakavyojibu wazee wetu: kuku wa babu zetu hawakununuliwa chakula, nao walitaga. Naam, walitaga. Lakini kuku wale walikaa kijijini penye mchwa, majani mabichi na mtama ulioanguka shambani. Kuku wa kwetu hukaa ndani ya ua, chini ya Jebel Kujur, juu ya udongo mgumu unaofagiwa kila asubuhi. Akichakura mchana kutwa atapata nini? Tukimfungia uani, hapana budi tumlishe.

Tena yafaa tujue kumlisha, maana wako wengine wanaokosea kwa njia ya pili. Hao hununua gunia la chakula cha kuku wa mayai, kinacholetwa kutoka Uganda kwa njia ya Nimule, wakampa kuku wa miezi miwili ili atage upesi. Hatataga upesi. Chakula kile kina kalsiamu, yaani madini ya chokaa, karibu sehemu 4 katika 100, na chakula cha kuku wanaokua kina sehemu 1 tu. Kalsiamu nyingi isiyo na kazi huumiza figo za kuku mchanga.

Je, tuendelee na chakula cha kukuzia hata atakapotaga? La. Tufanye hesabu kidogo. Ganda la yai moja lina kalsiamu karibu gramu 2. Kuku anayetaga hula kama gramu 100 za chakula kwa siku. Akila chakula cha kutagia hupata gramu 4, mwili wake hushika karibu nusu, na ganda limetimia. Akila chakula cha kukuzia hupata gramu 1, na nusu yake haitoshi hata robo tatu za ganda, wala nusu yake. Iliyobaki huitoa wapi? Huikopa katika mifupa yake mwenyewe. Ndipo mayai hutoka na maganda laini, kisha kuku huchechemea, na mwisho miguu humshinda kabisa.

Basi tubadilishe lini? Wafugaji wa kuku wa kisasa hubadilisha karibu na wiki ya 18. Kuku wetu wa kienyeji mara nyingi hupita miezi 6 kabla ya kutaga, kwa hiyo tumtazame kuku mwenyewe, tusihesabu wiki tu. Kishungi chake huwa chekundu. Huingia pembeni akitafuta mahali pa kiota. Ukimwekea mkono mgongoni, huchutama. Yapata wiki mbili kabla ya yai la kwanza, mwili wake huanza kuweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa. Maana yake ni kwamba siku zile tunazosema anakula bure, ndizo siku anazotuwekea akiba ya mayai. Hapo tuchanganye vyakula viwili kwa muda wa wiki moja, tukiongeza cha kutagia kidogo kidogo.

Asiyeweza kununua gunia asikate tamaa. Ampe mtama, mashudu ya karanga au ya ufuta, dagaa waliopondwa, na majani ya mboga. Maganda ya mayai ayakaushe motoni, ayasage ili kuku asizoee kula mayai yake, ayaweke katika kopo la peke yake. Kila tembe atadonoa kwa kadiri ya haja yake. Mtu asidhani kokoto za Jebel Kujur zitafanya kazi hiyo. Kokoto huisaidia firigisi kusaga nafaka, lakini mawe yale si mawe ya chokaa. Wala maji yasikosekane, ijapokuwa tunayanunua kwa pipa, maana kuku hunywa yapata mara mbili ya uzito wa chakula chake, na katika joto la Februari na Machi huzidisha.

Kila siku trei za mayai huteremshwa sokoni Jebel kutoka nchi ya jirani, nasi tunazilipia, hali tembe wetu wamekwisha kuliwa mwezi mmoja kabla ya kutaga. Ni sawasawa na mtu aliyepalilia mtama hata ukachanua, akaukata awape mbuzi.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, ndugu zetu mliomaliza shule mkapata mishahara. Ninyi ndio wageni tunaowachinjia. Mkija nyumbani, msikubali kuchinjiwa tembe. Ombeni jogoo. Majogoo wamejaa katika kila ua, na kuku hutaga hata pasipo jogoo. Mkipenda kutuletea zawadi, leteni nusu gunia la chakula cha kutagia, na mkija mara ya pili mtakuta mayai.