Brussels: Maduka makubwa yafungwa, mnunuzi mwenye pochi nyembamba azidi kutembea

Tarehe 21 Januari mwaka 2025 wafanyakazi wa maduka ya Cora nchini Ubelgiji waliarifiwa kwamba maduka yote sita ya kampuni hiyo yatafungwa mwanzoni mwa mwaka 2026. Mawili kati ya hayo yalikuwa katika mkoa wa Brussels: moja Anderlecht, upande wa magharibi, na jingine Woluwe-Saint-Lambert, upande wa mashariki. Watu wapatao 1,800 walikuwa wakipata riziki yao katika maduka hayo sita. Kampuni ilieleza kuwa imekuwa ikipata hasara kwa miaka mingi, na kwamba haioni njia ya kurejea katika faida.

Msomaji aliye Dar es Salaam au Bukavu ana haki ya kustaajabu. Brussels ni mji wenye wakaazi zaidi ya milioni 1.2, makao makuu ya Umoja wa Ulaya na ya Jumuiya ya Kujihami ya NATO, na watu wake hawajaacha kula. Iweje basi duka kubwa la vyakula likose wateja katika mji wa namna hiyo?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika kikapu cha mnunuzi wa kipato cha chini. Tumchukue kwa mfano mkaazi wa Molenbeek au wa Anderlecht, mzaliwa wa Bujumbura au Bukavu, ambaye Jumamosi ndiyo siku yake ya kufanya manunuzi ya wiki. Hawezi tena kuingia duka moja na kutoka na mahitaji yote, kwani akifanya hivyo hesabu haitakubali. Unga, mafuta, sukari na maziwa atavitafuta katika maduka ya bei nafuu ya Kijerumani, Aldi au Lidl, ambako bidhaa hupangwa zikiwa bado ndani ya maboksi yake na wafanyakazi ni wachache. Kisha atashika njia kuelekea soko la Abattoirs, karibu na kituo cha metro cha Clemenceau, chini ya paa lile kubwa la chuma lililojengwa mwaka 1890 kwa ajili ya mnada wa ng'ombe. Soko hilo hufanyika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na wajuzi wake hawafiki asubuhi. Hufika mchana, wachuuzi wanapoanza kukunja meza, saa ambayo nyanya zilizoiva kupita kiasi na ndizi zenye madoa huuzwa kwa sanduku zima ili zisirudishwe garini.

Lakini sombe haipatikani kwa Mjerumani. Kwa ajili ya sombe, unga wa muhogo, samaki wa chumvi na dagaa wakavu, mnunuzi wetu atapaswa kuvuka mji hadi Matonge, mtaa ulio katika manispaa ya Ixelles, karibu na Porte de Namur, unaobeba jina la mtaa maarufu wa Kinshasa. Siku inakwisha. Ameokoa euro kadhaa, amezilipia kwa miguu na kwa saa zake, na mara nyingi huku mtoto mdogo akivuta mkono.

Mwenendo huo ndio uliolipiga duka la aina ya Cora pale lilipokuwa dhaifu. Duka la namna hiyo, ambalo kwa sasa watu huliita haipamaketi, lilibuniwa kwa ajili ya mtu anayefanya safari moja kwa wiki, mwenye gari la kubebea mizigo na friji kubwa nyumbani, na anayetaka nyama, viatu, televisheni na matairi chini ya paa moja. Jambo linalosahaulika ni kwamba Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa waasisi wa fikra hiyo barani Ulaya. Mwaka 1957 kampuni ya Delhaize ilifungua katika uwanja wa Flagey, Ixelles, supamaketi ambamo mteja alijichukulia mwenyewe kila kitu bila kuhudumiwa na muuzaji. Miaka minne baadaye, mwaka 1961, duka kubwa la SuperBazar lilifunguliwa Auderghem, pembezoni mwa Brussels, miaka miwili kabla ya Wafaransa wa Carrefour kufungua la kwao karibu na Paris. Wakati huo ilidhaniwa kwamba duka dogo la mtaani limechimbiwa kaburi. Leo viatu na televisheni vinanunuliwa kwa intaneti, na chakula kinanunuliwa kidogo kidogo, hapa na pale, kulingana na bei ya siku hiyo.

Isitoshe, takriban nusu ya kaya za Brussels hazina gari. Na wale wenye gari, hasa wanaoishi kusini na magharibi mwa nchi, wana hiari nyingine ambayo wenye maduka wa Ubelgiji huilalamikia kila mwaka: kuvuka mpaka na kwenda kununua Ufaransa, ambako bidhaa nyingi ni rahisi zaidi.

Mfumuko wa bei uliofuatia uvamizi wa Urusi nchini Ukraine uliharakisha mambo. Oktoba mwaka 2022 ulifikia asilimia 12.27 nchini Ubelgiji, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu miaka ya 1970. Bei ya vyakula iliendelea kupanda hata baada ya hapo, na Machi mwaka 2023 ongezeko lake lilikaribia asilimia 17 kwa mwaka. Ni kweli kwamba Ubelgiji, tofauti na nchi nyingi za Ulaya, ina utaratibu wa kuongeza mishahara na posho moja kwa moja kadiri bei zinavyopanda, na utaratibu huo uliwanusuru wengi. Lakini ngao hiyo ina pande mbili. Mwenye duka aliyeajiri mamia ya watu alilazimika kulipa mishahara mikubwa zaidi wakati uleule ambao wateja wake walikuwa wakihamia kwa washindani wa bei nafuu. Na yule anayefanya kazi bila karatasi, anayefua vyombo katika mkahawa au kusafisha nyumba za watu kwa malipo ya mkononi, hana nyongeza yoyote anayoidai.

Duka linapofungwa moja kwa moja, sheria ya Ubelgiji angalau inamtambua mfanyakazi. Mwaka 1997 kampuni ya Renault ilitangaza kwa ghafla kukifunga kiwanda chake cha Vilvoorde, jirani na Brussels, na watu wapatao 3,100 wakapoteza kazi. Ghadhabu iliyofuata ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1998, inayojulikana hadi leo kwa jina la Renault, inayomlazimisha mwajiri kutangaza kwanza nia yake, kuwasikiliza wawakilishi wa wafanyakazi, na kujadiliana nao kabla ya kumwachisha mtu kazi. Wafanyakazi wa Cora walipitia njia hiyo.

Kuna namna nyingine ya kufunga duka, nayo haionekani kutoka barabarani. Tarehe 7 Machi mwaka 2023 Delhaize, ambayo tangu 2016 imeungana na Ahold ya Uholanzi, ilitangaza kwamba maduka yake 128 iliyokuwa ikiyaendesha yenyewe, yenye wafanyakazi wapatao 9,000, yatakabidhiwa kwa wafanyabiashara binafsi watakaotumia jina la kampuni. Zikafuata wiki nyingi za migomo, milango ikazibwa, na mahakama zikaamuru wagomaji waondolewe mbele ya maduka na maghala. Vyama vya wafanyakazi vilishindwa. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2024 maduka yote yalikuwa yamepata mabwana wapya.

Anayepita barabarani anaona nembo ileile ya simba. Kilichobadilika ni mkataba. Ubelgiji ina kamati tano tofauti za waajiri na wafanyakazi zinazosimamia biashara ya rejareja, na kila moja ina viwango vyake vya mshahara, saa za kazi na malipo ya Jumapili. Mfanyakazi aliyekuwapo hulindwa na masharti yake ya zamani anapohamishwa, lakini anayeajiriwa baada yake huingia kwa masharti ya mwenye duka mdogo, ambayo ni hafifu zaidi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo badiliko kubwa kuliko kufungwa kwa Cora, ijapokuwa halikutoa picha za vibanda vitupu na mapazia ya chuma yaliyoshushwa.

Afrika Mashariki imeyaona hayo kwa sura yake. Nakumatt, iliyowahi kuwa fahari ya Kenya na kuwa na matawi zaidi ya 60, iliporomoka chini ya mzigo wa madeni, na Januari mwaka 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Shoprite ya Afrika Kusini ikaondoka Kenya, kisha mwaka 2021 ikafunga virago Uganda. Katika nafasi zao imejitanua Carrefour, jina la Kifaransa linaloendeshwa na Majid Al Futtaim ya Dubai, mfumo ambao mfanyakazi wa Delhaize angeutambua mara moja. Tofauti ni kwamba Nairobi na Kampala kibanda cha mtaani hakikuwahi kutoweka. Mama wa Kawangware anaweza kupimiwa mafuta ya kupikia kwa kiasi cha sarafu aliyo nayo, tena kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Brussels nafasi hiyo imejazwa na maduka ya usiku, ambayo kisheria hayapaswi kuzidi mita za mraba 150 na hufunguliwa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mengi yanaendeshwa na wahamiaji kutoka Asia Kusini. Bei zake ni ghali kuliko za supamaketi, kwa hiyo anayechelewa kutoka kazini ndiye anayelipa zaidi kwa mkate.

Matonge nayo haiko salama. Wateja wake wengi hawaishi hapo, huja kutoka pande zote za mji na hata kutoka miji mingine, na biashara yao inategemea maduka ambayo kodi yake inapanda kadiri Ixelles inavyovutia watumishi wa taasisi za Ulaya. Serikali ya manispaa ya jiji la Brussels iliuzindua uwanja wa Patrice Lumumba mwanzoni mwa mtaa huo tarehe 30 Juni mwaka 2018, na heshima hiyo ilipokewa kwa furaha, ila kibao cha jina hakimsaidii muuza muhogo kulipa pango.

Sasa macho yameelekezwa kwenye saa za kufungua maduka. Serikali ya waziri mkuu Bart De Wever, iliyoingia madarakani Februari 3 mwaka 2025, iliandika katika makubaliano yake ya muungano kwamba itafuta siku ya lazima ya mapumziko ya maduka kila wiki na kuruhusu yafunguliwe hadi saa tatu usiku. Waajiri wanasema bila hatua hiyo hawawezi kushindana na intaneti wala na maduka ya ng'ambo ya mpaka. Wafanyakazi wanauliza nani atakayesimama kwenye kaunta saa hizo.

Dalili zipo. Tangu mwaka 2018 sekta ya rejareja imeruhusiwa kuajiri watu wenye kazi nyingine kwa mikataba ya saa chache yenye makato madogo, na kuanzia mwaka 2025 mwanafunzi anaweza kufanya kazi saa 650 kwa mwaka kwa masharti ya namna hiyohiyo. Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, akiwemo wa Kongo, Rwanda au Burundi, anaruhusiwa saa 20 kwa wiki katika kipindi cha masomo. Yumkini ndiye atakayekuwa akipokea fedha Jumapili jioni, mahali ambapo zamani alikaa mama wa makamo mwenye mkataba wa kudumu, aliyewajua wateja kwa majina. Kwa familia nyingi za kigeni mjini humu watu hao wawili, mama na mwanafunzi, wanaishi chini ya paa moja.