Wito Haulipi Ada

Mwenzangu mmoja aliondoka chuoni Jumatatu asubuhi, tukiwa mwaka wa pili, na begi la nguo na ndoo ya plastiki ya kufulia. Alikuwa anadaiwa shilingi 640,000. Tulikuwa tumepanga foleni ya kuingia kwenye mtihani wa muhula, na jina lake halikuwamo kwenye orodha ya waliomaliza ada. Darasani kwetu yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha hesabu za dawa, zile za kugeuza mililita kuwa matone kwa dakika, maana wengi wetu zilitushinda. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha Kilosa kwa mama yake. Mkufunzi mmoja alipotuona tumenyong'onyea, akatuambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: “Msihuzunike. Huyo hakuwa na wito.”

Uuguzi ni wito. Kauli hiyo utaikuta kila mahali. Shangazi huisema siku binti anapoleta fomu ya kujiunga na chuo. Huhubiriwa kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani. Mume huisema hata kama hajui ada ni kiasi gani. Husemwa kwa nia njema, na ndiyo maana watu huogopa kuipinga. Mimi ni muuguzi. Niliingia chuoni nikiwa na miaka 29, mke wa mtu na mama wa mtoto wa miezi 8, na nasema waziwazi: imani kwamba mwenye wito hahesabu ndiyo inayowatoa wanawake vyuoni kabla hawajamaliza, na inawarudisha nyumbani na madeni ambayo hawakuwa nayo walipoondoka.

Sisi tulihesabu. Sifa si yangu, ni ya mama mkwe. Mara ya kwanza nilipopata nafasi ya stashahada nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilipomletea habari hakupiga kigelegele. Alitandika mkeka, akamwita mume wangu, akaomba daftari la shule la kurasa 40. “Mwanangu,” akaniambia, “mali bila daftari hupotea bila habari. Andika.”

Tukaandika. Ada, milioni moja na laki tatu kwa mwaka. Hosteli. Bima ya afya. Sare jozi mbili, viatu vyeusi vya kufunika, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo. Hayo yote yalikuwa kwenye fomu. Kisha mama mkwe akaanza kuuliza yasiyokuwamo. Wakikupeleka fildi wilaya nyingine, nauli na chumba nani analipa? Kuchapa kazi na kutoa kopi? Na huyu aliye tumboni, utamnyonyeshea wapi? Akiumwa usiku na wewe uko zamu, nani anambeba? Mwisho kabisa akauliza jambo ambalo mimi na mume wangu hatukuwa tumeliwaza hata kidogo: “Na genge?”

Genge langu la nyanya na mboga lilikuwa likiniachia kama shilingi 9,000 kwa siku, mtaji ukiwa pembeni. Kwa siku 300 za mwaka hiyo ni milioni mbili na laki saba. Kwa miaka mitatu ya masomo ni milioni nane na laki moja ambazo zingeacha kuingia nyumbani, ilhali ada ya miaka yote mitatu ni milioni tatu na laki tisa. Gharama kubwa kuliko zote, zaidi ya mara mbili ya ada, haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya chuo. Mume wangu ni fundi seremala. Aliitoa penseli sikioni, akaipiga hesabu upya, ikaja vilevile.

Uamuzi uliotoka pale mkekani ulikuwa nisiende mwaka ule. Nijifungue, niombe tena mwaka unaofuata, na katikati mama mkwe ajifunze genge: kununua tenga alfajiri, kujua nyanya ipi itavumilia siku mbili na ipi iuzwe leoleo. Zamu yangu ya upatu nikaisogeza ili iangukie mwezi wa kulipa ada. Watu walinisema sana. Walisema ningekuwa na wito kweli nisingeahirisha. Leo ninao usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na sababu kubwa ni mwaka ule mmoja walioniona nimerudi nyuma.

Wanaopenda kutaja wito humtaja Florence Nightingale. Basi tumtaje vizuri. Ni kweli alisema Mungu alimwita, mwaka 1837, akiwa na miaka 16. Ni kweli pia kwamba mwaka 1853 alipopewa kuongoza hospitali ndogo ya wanawake London alifanya kazi bila mshahara, na aliweza kwa sababu baba yake alikuwa akimpa pauni 500 kila mwaka. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kumwachia mtu. Alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas' mwaka 1860, hakuwaambia wasichana waje na wito na ada. Alikuwa na mfuko uliochangwa na wananchi, zaidi ya pauni 40,000, na kwa mfuko huo kila mwanafunzi alipewa chakula, malazi, sare na pauni 10 za matumizi kwa mwaka. Huyo ndiye mwanamke ambaye jina lake hutajwa mbele ya mama wa watoto wawili kutoka Kilosa anayedaiwa 640,000. Nightingale aliamini wito kuliko sisi sote, na aliulipia.

Hata jina tunaloitwa wodini, sista, lina historia yake. Ni jina la nyumba za watawa, wanawake walioweka nadhiri ya kutoolewa, wakala na kulala ndani ya nyumba yao. Nawaheshimu, hospitali nyingi za misheni nchini zilijengwa kwa mikono yao. Lakini ratiba iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na mtoto tumeirithi vilevile, tukamvisha mama anayenyonyesha, halafu akipepesuka tunasema moyo wake mdogo.

Nilipangiwa zamu za usiku wodi ya wazazi mtoto wangu akiwa hajafikisha mwaka. Usiku mmoja, yapata saa nane, kichanga cha kitanda cha tatu kililia kwa njaa na maziwa yakanishuka palepale. Sare nyeupe haifichi kitu. Nilifunga kanga kifuani juu ya sare, nikaendelea kumwonyesha mzazi yule namna ya kumweka mtoto titini: mdomo upanuke, kidevu kiguse titi. Nikamweleza, kama nilivyofundishwa, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akilishwa mpaka miaka miwili au zaidi. Wa kwangu alikuwa nyumbani kwa bibi yake akinywa uji.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Muuguzi aliyenisimamia usiku ule alikuwa na haki hiyo. Mimi niliyesimama kando yake, zamu ileile, vitanda vilevile, sikuwa nayo, kwa kuwa mwanafunzi si mwajiriwa. Nilipouliza chuoni kama ningeweza kubadilishana zamu mbili kwa wiki na mwenzangu asiye na mtoto, nilijibiwa kwamba uuguzi unataka kujitoa. Mwenzangu alikuwa tayari. Wodi ilikuwa tayari. Lililokataa ni neno.

Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za msingi na sekondari. Nililia siku ile, kwa furaha. Lakini msichana aliyerudi darasani kwa tangazo lile atamaliza kidato cha nne, na akiwa amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia ataomba uuguzi, na atafika chuoni akiwa na mtoto wa miaka minne. Tumemwandalia nini? Chumba cha kunyonyeshea kwa wale wenye wachanga hakihitaji msaada wa wafadhili: pazia, kiti, maji na sabuni. Ratiba ya fildi na zamu za usiku kubandikwa mwanzoni mwa muhula badala ya wiki yenyewe haigharimu hata shilingi.

Nitajibiwa kwamba bila wito tutapata wauguzi wenye ulimi mkali, wanaomfokea mama katika uchungu. Jibu hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wauguzi hao wapo na nimefanya nao kazi. Lakini nimewaangalia kwa karibu. Wengi waliingia na moyo mzuri kabisa. Mmoja wao alianza kazi akiwa na mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kubwa, aliyokopa ili amalize chuo, na kila mwisho wa mwezi wakopeshaji walimngoja nje ya geti. Kumwambia mtu huyo akumbuke wito ni kumwongezea mzigo. Huruma ya muuguzi hulindwa na usingizi, na chakula, na kujua kwamba mwanawe amelala salama. Anayejali wagonjwa aanze hapo.

Wapo pia wanaosema uuguzi hausomeki ukiwa na nyumba ya kutunza, kwa hiyo mwanamke achague moja. Majirani zetu walishaonyesha vingine. Kuanzia mwaka 2005, shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya waliendesha mpango wa masomo kwa kompyuta uliowawezesha maelfu ya wauguzi wenye cheti kupanda hadi stashahada huku wakiendelea na kazi na kuishi na familia zao. Wale walikuwa tayari na mshahara, najua, na anayeanza hawezi kujifunza kuzalisha kwa kompyuta. Lazima asimame wodini. Ila sehemu kubwa ya nadharia, anatomia, famasia na kadhalika, inaweza kumfuata mtu nyumbani. Haijamfuata kwa sababu hatujaamini kwamba nyumba yake ni sehemu ya masomo yake.

Kuhusu fedha za serikali niseme kwa ufupi. Ni kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ndipo Bodi ya Mikopo ilipowafungulia mlango wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo. Hatua hiyo naishukuru, na kila mwenye sifa aombe, tena mapema. Lakini mkopo huo ni deni nao, uandikwe daftarini upande wa madeni. Na kuna mstari mmoja ambao familia nyingi huuandika upande wa mapato kabla ya wakati wake: ajira. Wauguzi wenye leseni wanaokaa nyumbani wakisubiri tangazo la ajira za afya wapo, wakati zahanati nyingi zina muuguzi mmoja wa usiku na mchana. Anayeingia chuoni apange pia miezi ya kusubiri baada ya kumaliza, na asiuze shamba akitegemea mshahara wa kwanza.

Mwenzangu wa Kilosa hajarudi chuoni. Tunawasiliana. Anauza vitumbua kituo cha basi, na jirani akiumwa ni yeye anayeitwa usiku, kwa sababu kila mtu pale anajua kwamba ana mikono ya muuguzi. Wito aliosemwa hana, anautumia kila wiki bila cheti na bila malipo. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye mkekani na daftari kabla hajalipa ile ada ya kwanza.

Wakuu wa vyuo, andikeni kwenye fomu ya kujiunga gharama zote, za fildi zikiwamo, na idadi ya zamu za usiku kwa kila muhula, mtu azijue kabla hajatuma hela. Wanafunzi wanaochelewa ada kwa kiasi kidogo waacheni wafanye mtihani, mzuie cheti mpaka walipe. Nawe ndugu, shemeji au jirani unayesoma hapa, kama kuna mama karibu yako aliyepata nafasi mwaka huu, usiende kumwuliza kama ana wito. Nenda na kilo tano za unga, mwulize zamu zake za usiku zinaangukia siku gani, na mwambie siku hizo mtoto atalala kwako.