Amplifaya nayo itajwe

Ndugu mwandishi, katika makala yako, kwenye muziki wa Neil Young wa filamu ya Dead Man, umelisifia gitaa lake ukaisahau amplifaya. Ni kweli Old Black, ile Gibson Les Paul ya mwaka 1953 iliyopakwa rangi nyeusi, ina sauti yake, na Neil Young akigusa ule mkono wa Bigsby noti nzima inayumba. Lakini mngurumo ule unatoka kwenye Fender Deluxe ya mwaka 1959, amplifaya ndogo tu! Ukiipandisha sauti, vali zake zinazidiwa, noti inaanza kukwaruza, kisha inarefuka. Ana hata kifaa anachokikanyaga kwa mguu, kinachomzungushia vitufe vya amplifaya hiyo bila yeye kuacha kupiga.

Tena alipiga huku filamu ya Jim Jarmusch ikionyeshwa mbele yake, akibuni papo hapo. Ndiyo maana kimya kwenye albamu ya muziki huo, ya 1996, kina uzito. Jamani, msiisikilize kwa spika ya simu. Tafuteni hedifoni nzuri. Safari ijayo tuandikie kuhusu Ry Cooder na muziki wake wa filamu ya Paris, Texas, tafadhali.